UZI: Modeli yangu ya kina cha Ziwa Tanganyika inapanda mita nne kwa miaka 20. Kosa liko wapi?

#1 Gungu_Juu
Wakuu, mwakeye.

Nimeunda simulesheni ya kina cha ziwa letu kwenye Excel. Kila mstari ni mwezi mmoja, mistari 240, yaani miaka 20. Kila kitu nimekigeuza kuwa milimita za kina juu ya ziwa zima:

kina kipya = kina cha mwezi uliopita + mvua + mito − mvukizo − Lukuga

Namba za mwaka: mvua 950 (ya Kigoma mjini, nimeigawa Novemba hadi Aprili), mito kilomita za ujazo 24, mvukizo milimita 1,400, na Lukuga (mto unaotoa maji ziwani) inatoa mita za ujazo 85 kwa sekunde muda wote. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 32,900, silibadilishi.

Wimbi la msimu linatoka vizuri, linapanda hadi Aprili na kushuka hadi Oktoba. Ila mstari mzima unapanda ngazi. Ukifika mwaka wa 20 ziwa liko juu kwa karibu mita nne. Kwa hesabu hiyo mwalo wa Kibirizi umeshahamia kilimani. Fomula nimeikagua mara tatu. Kosa nini?

#2 Kahawa_Chungu
Nakaa hapa, kikombe mkononi. Mwenye kashata asogee.

#3 Kokoto
Fomula yako haina kosa la hesabu. Hebu tuirudie: mito 24 ukigawa kwa 32,900 ni milimita 729. Jumlisha mvua 950, unapata 1,679 zinazoingia. Zinazotoka ni mvukizo 1,400 na Lukuga, ambayo kwa 85 kwa sekunde ni kilomita za ujazo 2.68 kwa mwaka, sawa na milimita 81 au 82. Ziada ni 197 hivi kila mwaka. Zidisha kwa 20, mita nne zako hizo.

Kosa ni la umbo. Umeifanya Lukuga kuwa bomba lililofungwa kwa namba moja. Mto unaotoka ziwani haufanyi hivyo. Ziwa likipanda, maji yanayopita juu ya kizingiti yanaongezeka, likishuka yanapungua. Huo ni mrejesho, na ndio unaolishika ziwa lisipae wala lisikauke. Weka hivi:

Q = 1.7 × b × H^1.5

H ni kimo cha maji juu ya kizingiti kwa mita, b ni upana wa njia kwa mita, Q ni mita za ujazo kwa sekunde. Anza na b = 50 na H = 1, utapata 85 ile ile uliyokuwa nayo. Hiyo 50 ni ya kuanzia tu, usije ukaenda kuitetea mbele za watu kama upana wa Lukuga. Kugeuza Q kuwa milimita za ziwa kwa mwezi zidisha kwa 0.08.

Mitego miwili. H ikishuka chini ya sifuri Excel itakutolea kosa, kwa hiyo andika MAX(0,H) ndani ya mabano. Na tumia H ya mwezi uliopita. Ukiweka ya mwezi huu huu, seli itajitegemea yenyewe na Excel italalamika kuwa inazunguka mduara.

#4 Bi_Kipimamvua
Kokoto amejibu vizuri swali ambalo halikuwa la kwanza. Kabla ya kugusa Lukuga, tazameni mvukizo. 1,400 kwa ziwa kubwa la joto, lenye upepo wa kusi kuanzia Mei hadi Septemba, ni ndogo. Makadirio mengi ya ziwa hili yako kwenye 1,500 na kuendelea. Weka 1,600 halafu uone.

Nina wasiwasi mkuu umechukua namba ya beseni la mvukizo ukaizidisha kwa 0.7, ile kanuni ya kawaida. Beseni liko nchi kavu, bati lake linapata moto mchana na kupoa usiku. Ziwa linatunza joto na kulitoa taratibu, tena hewa kavu ya kiangazi inapita juu yake ikinyonya. Hiyo 0.7 ni wastani wa mwaka kwa sehemu nyingi, haikukusudiwa kugawiwa mwezi kwa mwezi kwa ziwa lenye kina namna hii.

#5 Gungu_Juu
Ahsanteni. Nimejaribu zote mbili, moja moja.

Ya Kokoto (kizingiti, mvukizo ukibaki 1,400): ziwa linapanda kutoka H = 1 na kutulia kwenye mita 2.27 hivi. Linaacha kupaa, ila linatulia juu ya lilipoanza kwa mita moja na robo.

Ya Bi_Kipimamvua (mvukizo 1,600, Lukuga ile ile ya 85): mstari umenyooka kabisa. Unashuka milimita mbili tatu kwa mwaka.

Kwa hiyo dada ndiye aliyepatia?

#6 Mto_Mrefu
Subiri kwanza, usigawe zawadi. Mimi naacha mvukizo wako 1,400 na bomba lako la 85, napunguza mito tu kutoka 729 hadi 532, yaani asilimia 27. Mstari unanyooka vile vile. Na sababu ninayo: Malagarasi.

Mto ule haushuki moja kwa moja kutoka mlimani hadi ziwani. Unapita kwenye madimbwi na matete ya Malagarasi-Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar (maeneo oevu muhimu ya dunia), mwaka 2000. Maji yanatandazwa huko, jua linachukua chake, na yanayobaki yanachelewa. Mtu akikadiria mto kwa kuzidisha mvua ya bonde na asilimia fulani atapata maji mengi kuliko yanayofika mdomoni, tena kwa mwezi usio sahihi.

Kwenye Excel ongeza ghala moja la katikati: maji ya mvua yanaingia bwawani, na kila mwezi sehemu fulani, tuseme robo ya yaliyomo, ndiyo yanatoka kwenda ziwani, sehemu nyingine inavukizwa. Kilele cha mto kitasogea mbele chenyewe. Ruzizi usiiwekee ghala hilo. Inatoka Ziwa Kivu, na Kivu yenyewe ni ghala tosha.

#7 Mnyamwezi_Igombe
Mwangaluka watani! Tabora hapa. Nilijua Waha mna maji mengi, sikujua mnayazidisha kwenye kompyuta pia.

Na mimi nanyoosha mstari wenu: mvua kutoka 950 iwe 752. Tayari. Kila mtu ana spana yake na kila spana inafunga nati ile ile.

#8 Kahawa_Chungu
#7 kaja na maembe, apewe kiti.

#9 Bi_Kipimamvua
Mtani wa Tabora unatania lakini umegusa penyewe. Kipimamvua kimoja cha Kigoma mjini kinawakilisha nini? Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670, kutoka Bujumbura hadi Mpulungu kule Zambia. Kipimamvua kiko nchi kavu chini ya vilima, na mvua ya vilimani si mvua ya katikati ya maji. Angalau chukua vituo vya kaskazini, katikati na kusini, kila kimoja ukipe uzito wa eneo la maji lililo karibu nacho kuliko vingine. Hizo ndizo poligoni za Thiessen, mnaweza kuzichora kwa rula na penseli. Au chukua data ya CHIRPS, inaanzia 1981, imechanganya satelaiti na vituo vya ardhini. Nayo ina makosa yake juu ya maji, maana juu ya maji hakuna vituo vya kuisahihisha.

Ila 752 siikubali hivi hivi. Umepunguza moja ya tano ya mvua ili grafu ipendeze. Hiyo ni kukata mguu uingie kwenye kiatu.

#10 Mwalo
Mimi naona mnaacha kitu kikubwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470 na ujazo wa kilomita za ujazo 18,900. Kwa nini modeli isianze na ujazo wote? Mita nne juu ya 1,470 si kitu.

#11 Kokoto
Mwalo, kina hicho hakiingii popote kwenye hesabu hii. Kinachocheza ni utando wa juu, ule ulio juu ya kizingiti cha Lukuga. Sentimita moja ya ziwa ni mita za ujazo milioni 329. Chini ya kizingiti ungekuwa na mita 100 au 1,470, kina kingepanda na kushuka vile vile.

Eneo ndilo la kuangalia, na hapa Gungu_Juu yuko salama kuliacha bila kubadilika, kwa sababu kingo za ziwa hili ni za mteremko mkali sehemu nyingi. Ukienda Rukwa huwezi. Kule maji ni ya kina kifupi, mita moja ikipanda eneo linatanuka sana.

#12 Mnyamwezi_Igombe
Hata Igombe, bwawa letu la Tabora, huwezi. Bwawa linataka jedwali la safu tatu: kina, eneo, ujazo. Kila hatua unasasisha ujazo kwanza, kisha unasoma kina na eneo kutoka kwenye jedwali. Mfano wa namba tupu: ukivuta mita za ujazo 5,000 kwa siku, bwawa lenye kilomita za mraba 2 linashuka milimita 2.5 kwa siku. Likisinyaa hadi nusu kilomita, maji yale yale yanashusha milimita 10. Anayeshikilia eneo moja atawaambia watu maji yanafika Desemba, kumbe Oktoba mnachota tope.

#13 Ujiji_Kongwe
Vijana mnagombania ukubwa wa mishale, wazee walikosea hata mwelekeo wake. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka hapa Ujiji kwenda kaskazini kuona kama Ruzizi inatoka ziwani kuelekea Nile. Wakakuta inaingia. Modeli nzima ya chanzo cha Nile kupitia Tanganyika ilikuwa na alama ya kutoa mahali pa kujumlisha, na hakuna namba ambayo ingeiponya.

Halafu Lukuga. Cameron, mpelelezi Mwingereza, 1874 akasema ndiyo njia ya kutokea. Stanley akaenda 1876 akakuta matope na matete, maji hayaendi. Wazungu wakabishana. 1878 ziwa likavunja kizuizi kile, na miaka iliyofuata likashuka kwa mita kama 10.

Kwa hiyo Kokoto, hicho kizingiti chako si jiwe. Kinajijenga kwa mchanga na majani, halafu siku moja kinazolewa. Umekiweka namba moja kwa miaka 20.

#14 Kokoto
Mzee wangu, hoja nzito hiyo. Ongeza safu ya kimo cha kizingiti, tuiite z, na H iwe kina − z. Kizingiti kikipanda nusu mita, ziwa litakuja kutulia nusu mita juu, na Lukuga itatoa maji yale yale ya mwanzo. Hapo ndipo pa kunasa.

Ziwa lililopanda kwa mvua nyingi linatoa maji mengi zaidi Kalemie, kule Kongo Lukuga inakotokea. Ziwa lililopanda kwa kizingiti kuziba linatoa ya kawaida au pungufu. Ukiwa Kigoma na kipimio cha bandarini peke yake, yote mawili yanaonekana sawasawa. Anayetaka kuyatenganisha lazima apime mtiririko wa Lukuga ng'ambo kule, kina peke yake hakitoshi.

#15 Mto_Mrefu
Ndiyo maana nasema yale maji ya 2020 na 2021 yaliyoingia kwenye nyumba za ufukweni, na tena 2024, hakuna wa kusema kwa grafu ya kina tu kwamba ni mvua au ni Lukuga.

#16 Bi_Kipimamvua
Mvua. Mwishoni mwa 2019 Afrika Mashariki yote ilinyeshewa na Ziwa Victoria nalo likapanda. Victoria haina Lukuga. Vile vile 1961 hadi 1964, maziwa yalipanda pamoja.

#17 Ujiji_Kongwe
Mvua ndiyo iliyojaza ndoo, nakubali. Lakini ndoo yenye tundu dogo inakaa imejaa muda mrefu zaidi. Victoria haikanushi hilo.

#18 Gungu_Juu
Swali kuhusu muda. Nimeweka mwaka mmoja wa mvua 1,250 badala ya 950, kwenye toleo lenye kizingiti na mvukizo 1,600. Ziwa likapanda sentimita 30 kama nilivyotegemea. Lakini miaka mitano baadaye karibu nusu ya hizo 30 bado ipo. Ni kosa?

#19 Kokoto
Si kosa. Karibu na H = 1, kila mita moja ya ziada inaongeza mtiririko kwa mita za ujazo 127 hivi kwa sekunde, ambayo kwa eneo la ziwa ni mita 0.12 kwa mwaka. Ziwa linapoteza asilimia 12 au 13 ya ziada yake kila mwaka, basi. Muda wake wa kurudi ni miaka 8. H ikiwa 2 unakuwa karibu 6. Hivyo miaka miwili ya mvua nyingi ikifuatana inapandiana mabegani, na mwaka wa tatu wenye mvua ya kawaida watu bado wana maji mlangoni, wanasema hali ya hewa imeharibika. Namba 8 inategemea b = 50, ukiibadilisha b nayo inabadilika.

#20 Mwalo
Mbona vitabu vinasema maji ya Tanganyika yanakaa miaka 7,000? Nyie mnasema 8.

#21 Kokoto
Saa mbili tofauti. 18,900 gawa kwa 2.7 inayotoka Lukuga kwa mwaka ni 7,000: huo ni muda wa kubadilisha maji yote kwa njia ya mto. Miaka 8 ni muda wa kina kurudi mahali pake baada ya kusukumwa. Pipa limejaa maji ya mwaka jana, ukimwaga kikombe juu, kikombe kinamwagika nje mara moja, lakini maji ya mwaka jana bado yamo. Anayesimulia uchafuzi atumie saa ya kwanza. Anayesimulia mafuriko atumie ya pili.

#22 Kahawa_Chungu
Hapa ndipo nilipoelewa. Endeleeni.

#23 Mto_Mrefu
Turudi kwenye ugomvi wa msingi. Spana nne: mvukizo, mito, mvua, kizingiti. Zote zinanyoosha mstari wa mwaka. Basi tusiangalie mstari wa mwaka, tuangalie umbo la msimu. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti mvua ya Kigoma ni kama haipo. Ile safu ya mvua inajifuta yenyewe, na kushuka kwa kina ni mvukizo + Lukuga − mito. Soma kipimio 1 Juni na 31 Agosti kwa miaka yote uliyonayo. Mvukizo ukiwa mdogo kwenye modeli, ziwa lako litashuka taratibu kuliko la kweli kila kiangazi. Tatizo likiwa mvua, kiangazi kitalingana na kosa litajitokeza Novemba hadi Aprili.

#24 Bi_Kipimamvua
Safi, ila mvukizo hauko sawa mwaka mzima, kusi inauzidisha kiangazi. Akigawa 1,600 kwa 12 ataona kiangazi hakishuki vya kutosha, atapandisha hadi 1,800, kisha masika itaharibika, ataongeza mvua. Ataishia na makosa mawili yanayofutana. Na mito yako ya kiangazi nayo ni yale maji ya bwawani yanayochelewa, kwa hiyo jaribio lako bado lina visivyojulikana viwili ndani ya mlinganyo mmoja.

#25 Mto_Mrefu
Viwili ni nafuu kuliko vinne, dada.

#26 Mnyamwezi_Igombe
Na kipimio chenyewe mnakiamini? Sifuri ya rula ya bandarini si sifuri ya satelaiti. Satelaiti zinazopima kimo cha maziwa, tangu TOPEX/Poseidon ya 1992, zina marejeo yao. Mtu akibandika safu moja chini ya nyingine anapata ngazi ya ghafla katikati ya grafu, halafu anaanza kutafuta mafuriko yasiyokuwepo. Kila safu itoe wastani wake kwa miaka zinayoshirikiana, kisha linganisha tofauti, usilinganishe mita juu ya usawa wa bahari.

#27 Mwalo
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mbinu hii inafaa kwa dagaa? Ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, watu wanauliza kama miezi mitatu inatosha.

#28 Kokoto
Inafaa, ghala ni samaki badala ya maji. Kukua = r × N × (1 − N/K), kuvuliwa = F × N. N ni samaki waliopo, K ni wengi kabisa ambao ziwa linaweza kubeba, r ni kasi ya kuongezeka, F ni nguvu ya uvuvi. Mfano, si vipimo vya ziwa: K = 100, r = 2 kwa mwaka, F = 1.2. Ziwa linatulia kwenye 40. Funga miezi mitatu, F = 0: linapanda hadi 52. Fungua kwa nguvu ile ile, baada ya miezi tisa liko 46, yaani kuna faida.

Sasa fungua na mitumbwi yote iingie kwa pupa, F = 1.6. Baada ya miezi tisa liko 37, chini ya ulipoanzia. Angalia: 1.6 kwa miezi tisa ni sawa na 1.2 kwa kumi na miwili. Uvuvi wa mwaka umebaki ule ule, umebanwa tu. Modeli hii inasema faida ya kufunga inaamuliwa na siku ya 16 Agosti.

#29 Bi_Kipimamvua
Na hatua ya muda! Dagaa wa Stolothrissa anaishi kama mwaka mmoja. Ukitumia hatua ya mwaka mzima na r kubwa kuliko 2, namba zitaruka juu chini zenyewe, na ikipita 2.57 zinakuwa vurugu tupu bila mvuvi hata mmoja. Robert May alionyesha tabia hiyo mwaka 1976. Mtu ataona mruko ule akasema ni mzunguko wa asili, kumbe ni hatua yake ndefu. Nenda kwa wiki.

#30 Mwalo
Wiki pia ina tabu, mbalamwezi taa hazivuti dagaa, F inaporomoka karibu hadi sifuri kwa siku kadhaa kila mwezi. Na migebuka wanaokula dagaa umewaacha. Ukiwavua migebuka, dagaa wanaongezeka bila kufunga chochote.

#31 Kokoto
Hapo unahitaji maghala mawili. Fungua uzi wako mkuu, huu wa maji utazama.

#32 Mnyamwezi_Igombe
Waacheni, Muha bila dagaa hawezi kufikiri.

#33 Mwalo
Na nyie bila asali hamwezi kulala. Tumemaliza.

#34 Gungu_Juu
Nimefanya usafi. Nimeongeza safu ya ukaguzi: ujazo wa mwanzo + vyote vilivyoingia − vyote vilivyotoka − ujazo wa mwisho, lazima iwe sifuri. Haikuwa sifuri. Nilikuwa nimezidisha Q kwa 0.08 kwa miezi yote, Februari na Machi sawa. Kosa dogo, lakini lipo.

Pia nimejaribu hali za kupita kiasi: mvua sifuri na mito sifuri. Ziwa likashuka hadi kizingiti, Lukuga ikakata, mvukizo ukaendelea kushusha. Inaonekana ina akili.

Sasa nataka kutabiri miaka 20 ijayo. Mvua ya kila mwezi niifanye ya kubahatisha?

#35 Bi_Kipimamvua
Ndiyo, lakini usitumie kengele ya kawaida yenye wastani na mkengeuko. Julai itakupa mvua hasi, yaani mvua inapanda mbinguni. Ukiikata kwa MAX(0) umepandisha wastani bila kujua. Tumia mgawanyo wa gama, ambao hautoi namba hasi, au njia ya mkato: andika miaka halisi uliyonayo kwenye vikaratasi, okota mmoja, tumia miezi yake yote 12, rudisha, okota tena. Msimu unabaki umeshikamana.

#36 Mto_Mrefu
Ila vikaratasi vinavunja mfuatano wa mwaka na mwaka. 1961 haikuja peke yake. Ukiokota mwaka mmoja mmoja, miaka mibaya itafuatana kwa nadra kuliko ilivyo kweli, na kwa ziwa lenye kumbukumbu ya miaka 8 hilo ndilo linaloleta maji mlangoni. Okota vipande vya miaka mitatu mitatu.

#37 Bi_Kipimamvua
Ukiwa na miaka 30 tu, vipande vya mitatu ni kumi. Utasimulia historia ile ile mara elfu moja.

#38 Kokoto
Na kizingiti katika miaka hiyo 20 ijayo utakifanya nini? Mzee wa Ujiji hatakuacha.

#39 Ujiji_Kongwe
Simwachi.

#40 Gungu_Juu
Wakuu kuna jambo la ajabu. Asubuhi uwezekano wa ziwa kupita H = 2 ulisomeka asilimia 14. Nimefungua faili sasa hivi kubadilisha jina la safu tu, inasema 19. Sijagusa namba yoyote.

#41 Mnyamwezi_Igombe
RAND() hiyo, fomula ya Excel ya namba za kubahatisha. Kila ukigusa seli yoyote inapiga kura upya. Nakili, bandika thamani tupu. Na ongeza idadi ya marudio, 50 ni kidogo.

#42 Gungu_Juu
Umejuaje ni 50?

#43 Mnyamwezi_Igombe
14 kwa 19 ni tofauti ya kawaida kabisa kwa marudio 50, kwa elfu moja isingeyumba hivyo. Ila kwa marudio 50 huwezi kupata 19, ama ni 18 ama ni 20. Excel yako imeficha desimali au umeongopa kidogo.

#44 Kahawa_Chungu
Kahawa imeisha. Nachemsha nyingine.